Bei Iliyosomewa Fatiha

Kibuta, Kisarawe
17 Novemba 2024

Kwa mwanangu Zawadi,

Pokea salamu kutoka kwangu shangazi yako Swaumu na kwa wote walio hai hapa nyumbani. Sisi wazima, ila masikio yangu ndiyo yamegoma kabisa. Juzi mwanangu Ally aliniwekea simu sikioni eti niongee na wewe, nikasikia mvumo kama wa nzi aliyenaswa kwenye chupa, nikamrudishia simu yake. Basi tuendelee na karatasi. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nikachekwa na wanaume kijiji kizima, na sikujifunza bure. Abeid wa lori anakuja huku kuchukua mihogo ya kuuza Maili Moja, yeye ndiye atakuwa mtume wetu. Mvua ikikolea lori lake hulala njiani na barua yako italala nalo, kwa hiyo usihesabu siku.

Asante kwa miwani. Sasa naona mpaka mchwa anayekula mlango wangu, na nilikuwa na amani zaidi nilipokuwa simwoni. Asante pia kwa mchele, tumeula na kukuombea dua. Korosho mwaka huu si haba. Na habari kubwa ni kwamba mke mwenzangu Rukaya, huyu mjukuu wangu wa Ally, kaposwa. Mwanaume anaitwa Jabiri, fundi seremala, kijana mpole mpaka nina wasiwasi kama anasikia anachoambiwa. Ndoa tumeipanga baada ya Idi Kubwa, Mungu akitufikisha.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Michango ya kikundi chetu cha akina mama imetimia na Abeid kakuletea yote mkononi. Zile sahani na mabakuli ya shughuli uagize sasa, ili arusi ya Rukaya iwe ya kwanza kutumia vyombo vyetu wenyewe. Tumechoka kukodi mjini Kisarawe kwa yule mwenye kuhesabu hadi nyufa. Nawe unakumbuka ulipokuja kwenye arobaini ya mume wa Sikuzani, akina mama walikuuliza bei pale pale mkekani, ukaitaja, na sote tukanyoosha mikono tukaisomea Fatiha. Sikuzani aliniuliza kando, "Swaumu, huyu mtoto anajua anachosema?" Nikamjibu kwamba nimemlea mimi, na akikosea yeye nimekosea mimi. Basi hapo ndipo jina langu lilipo.

Msalimie mumeo Ashrafu, mwambie mihogo mibichi ipo kwa Abeid.

Ni mimi nikupendaye,
Shangazi Swaumu

---

Maili Moja, Kibaha
8 Desemba 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na umeshagombana na mchwa wako ukashinda. Sisi hatujambo. Ashrafu anakuamkia, mihogo tumeipokea, tumeila kwa nazi na kuigawa kwa majirani, na jirani mmoja ameanza kuniita binti Kibuta kama jina la ukoo.

Hongera kwa Rukaya. Mwambie Jabiri kama ni mpole basi apate masikio ya kukusikiliza wewe, maana mwenyewe huna tena ya kumsikiliza.

Michango imefika salama na leo nimekwishaagiza. Tumechangia kontena moja wafanyabiashara wachache wa hapa, kila mtu na mzigo wake. Wa kwangu ni sahani na mabakuli yenu, na kidogo cha kuuza hapa dukani. Ni mara yangu ya kwanza kuagiza ng'ambo mwenyewe badala ya kununua kwa wale wa Kariakoo. Nimezichagua sahani kwenye simu, nyeupe zenye ukingo wa kijani, nzito, zile ambazo mtu akizishika anajua kaalikwa mahali pa maana. Kwa bei niliyoona, kikundi kitapata vyombo vyake na mimi nitabaki na kafaida ka kunisukuma.

Shangazi, sikuwahi kukwambia vizuri. Baba alipofariki mimi nilikuwa bado najikwaa nikitembea, na wewe ulikuwa na wa kwako wa kuwalisha. Hukuwahi kunifanya nihisi kwamba sahani yangu imetoka kwenye ya mwingine. Hii fremu ya duka, na huu ujasiri wa kuagiza mzigo kutoka ng'ambo, vyote ni vyako. Nikivipata vyombo vile nikavileta Kibuta kwa bei ile ile, nitakuwa nimerudisha tone.

Wako,
Zawadi

---

Maili Moja, Kibaha
20 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Samahani kwa kuchelewa kuandika, kazi zimekuwa nyingi.

Meli imefika. Kuna mambo madogo madogo ya bandarini yanayomaliziwa, halafu mzigo utakuja. Waambie akina mama wasiwe na wasiwasi. Bei ni ile ile.

Wasalimie wote. Nawatakia Ramadhani njema inayokuja.

Zawadi

---

Kibuta, Kisarawe
9 Machi 2025

Mwanangu Zawadi,

Salamu za mwezi mtukufu. Tunafunga vizuri, jua kali, lakini jioni futari ipo na tunashukuru. Mihogo imekomaa, magimbi pia, na Ally kapata kazi ya kujenga ukuta wa madrasa. Mungu ametupa cha kutosha.

Barua yako nimeisoma. Haikunichukua muda, maana ulikuwa kama unaandika huku umesimama. Wewe tangu uanze kushika kalamu hujawahi kuniandikia barua isiyo na utani, hata ulipofeli mtihani uliniandikia utani. Naomba uniambie mambo madogo madogo ya bandarini ndiyo yepi.

Sikuzani ananiuliza kila tukikutana. Hanitukani, ila ana sauti ambayo hata mimi naisikia, na anauliza mbele za watu. Wiki iliyopita alisema kwamba kuna watoto wa mjini walioagiza vitu wakaagizika wenyewe na pesa za watu. Wengine wakacheka. Mimi nilimwambia asubiri.

Huku tumekaa na wazee kupanga ya arusi. Mahari tumekubaliana zamani, sasa tulikuwa tunaweka vile vidogo ambavyo bwana arusi hulipa juu ya mahari. Mkaja wa mama, kilemba cha mjomba, koti la babu yake upande wa mama, na mimi blanketi langu zuri la baridi. Halafu kuna kiosha miguu, kipa mkono, na kifungua mlango ambacho ni changu kwa haki, kwa kuwa mimi ndiye nitakayekaa mlangoni kwa bibi arusi. Nilifurahi sana siku ile, nilijiona mtu. Lakini Jabiri kaleta ujumbe eti huenda ndoa ikasogea mbele kidogo. Hakusema kwa nini. Vijana wa siku hizi wana haraka ya kuposa na uvivu wa kuoa.

Jambo la mwisho. Abeid alipita Maili Moja akukabidhi magimbi, akakuta fremu yako imefungwa na juu kuna bango la mtu anayeuza dawa za nywele. Magimbi akayarudisha. Nimeyapika mimi. Uko wapi, mwanangu?

Shangazi yako

---

Mkuza, Kibaha
2 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Idi njema japo imepita. Tumeisherehekea vizuri, Ashrafu alipika pilau mwenyewe na hakuna aliyeumwa.

Niko nyumbani Mkuza. Fremu nimeiachia. Nilikuwa sitaki uijue habari hiyo mpaka vyombo vifike Kibuta, kisha nikuambie tukiwa tunacheka. Lakini umeniuliza, na kwako sijui kusema uongo mrefu.

Nitakueleza kwa sahani moja tu, kwa sababu hata mimi nilielewa nilipoacha kuangalia kontena nikaangalia sahani moja.

Kiwandani ina bei yake. Juu ya hiyo kuna nauli ya meli na bima. Hivyo vyote nilivijua, na ndiyo bei niliyowatajia mkekani, nikaongeza kafaida kangu na kitu kidogo cha ushuru. Nilidhani ushuru unakatwa kwenye bei ya sahani. Kumbe wanajumlisha kwanza sahani, nauli na bima, ndipo wanakata ushuru kwenye jumla hiyo, yaani nimetozwa ushuru hata kwa safari yake ya baharini. Halafu inakuja VAT. Nayo haiangalii sahani peke yake, inaangalia sahani na nauli na bima na ule ushuru niliokwisha kuulipa. Kodi inakaa juu ya kodi, shangazi. Nilimuuliza wakala kama amekosea. Akanionesha karatasi, akaniambia kwa upole, "Dada, ndivyo inavyohesabiwa, wewe ulikuwa hujawahi kulipa mwenyewe tu."

Pembeni ya hizo kuna tozo ya reli, ada ya kushughulikia nyaraka, ukaguzi wa ubora, gharama za kushusha, ada ya wakala mwenyewe. Mmoja wetu kwenye kontena alikosea karatasi zake, basi kontena zima likakaa linasubiri, na kukaa nako kunalipiwa. Mwisho lori la kuleta Kibaha. Kila kimoja ukikitazama peke yake ni kidogo, na kila niliyemlipa alinipa risiti na sababu nzuri. Ashrafu ananiambia nisilaumu, reli inajengwa, barabara zinajengwa, hospitali zinataka dawa. Sikatai. Ila sahani ilipofika mlangoni kwangu ilikuwa imekaribia bei ya sahani mbili, na hakuna mtu hata mmoja njiani aliyekuwa amenifanyia jumla.

Wale wa Kariakoo niliokuwa nawaona wezi, sasa nawasalimia kwa heshima.

Kosa ni langu. Nilitaja bei ya kitu kilichokuwa hakijavuka bahari, tena mkekani, tena ikasomewa Fatiha, kwa sababu nilionea aibu kusema mbele ya mama zangu kwamba sijui. Ingekuwa bei ya dukani ningerudi nikasema imepanda. Hii siwezi. Umenilea kwa kauli yako na umesimama mbele ya Sikuzani kwa ajili yangu. Basi nimeiachia fremu, ile kodi ya pango ya mwaka niliyorudishiwa na bidhaa nilizouza kwa haraka vimelipa ya bandarini. Vyombo vyote viko hapa sebuleni kwangu, havijavunjika. Nitavileta kwa bei ile ile. Akina mama wasijue, tafadhali. Wewe ujue peke yako, na unisamehe kwa magimbi.

Mwanao,
Zawadi

---

Kibuta, Kisarawe
11 Mei 2025

Mwanangu Zawadi,

Nakusalimu kwa salamu ya mama kwa mwanawe. Barua yako ilichelewa, mvua za mwaka huu zilikata njia na Abeid akakaa na lori lake kwenye tope akiuza mihogo hapo hapo kwa waliokuja kumtazama. Ilipofika niliisoma mara ya kwanza nikakukasirikia, mara ya pili nikalia, mara ya tatu nikaenda nayo mkekani nikawasomea wote.

Ndiyo, najua ulisema wasijue. Mimi sikuahidi.

Zawadi, ukila hasara kimya kimya ili jina langu lisimame, jina hilo litakuwa limesimama juu ya mgongo wako, na mimi sikukulea nije nikukalie. Hilo ulipaswa kulijua. Haya, hasira zangu zimeishia hapo.

Nilipomaliza kusoma, Sikuzani alisema, "Hizo hadithi za bandari sisi tutazijulia wapi? Bei ni bei. Si ilisomewa Fatiha?" Na wengine wakaitikia. Niliona kabisa kwamba hawajaelewa, wanadhani umeandika kizungumkuti kuficha jambo. Rukaya alikuwa kando yangu na daftari, ananiandikia wanayosema ambayo siyasikii. Nikajaribu kuwaeleza habari ya ushuru juu ya nauli, nikaona wanapiga miayo.

Nikawauliza, "Jabiri anaoa kwa kiasi gani?"

Wakanitajia mahari. Nikawaambia hiyo ndiyo sahani ikiwa kiwandani. Nani hapa alikaa kwenye kikao cha kuweka vile vidogo? Wote wakaangaliana, kwa sababu wote walikaa. Nikaanza kuwakumbusha. Mama kawekewa mkaja. Mjomba akauliza mkaja ni kiasi gani, akaambiwa, akasema basi kilemba changu hakiwezi kuwa chini ya mkaja wa mwanamke. Babu akauliza kilemba ni kiasi gani, koti lake likapanda juu ya kilemba. Mimi nikatazama koti ndipo nikataja blanketi. Waosha miguu wakatazama blanketi. Kila mtu aliweka chake kwa kuangalia kilichowekwa kabla yake, na kila kimoja kina sababu, ni mila zetu na sizichukii. Lakini nani alijumlisha?

Nikamgeukia Rukaya niandikiwe majibu, nikakuta mtoto kaweka kalamu chini analia. Ndipo akasema, kwa sauti ambayo sikuisikia, akalazimika kuniandikia, nami nikawasomea wenzangu. Jabiri kauza mashine yake ya randa. Alikuwa hataki kusema ili asionekane anashindwa. Ndoa ilikuwa inasogezwa kwa sababu kila akikaribia anaambiwa kuna kingine. Na fundi seremala asiye na randa, mwanangu, anaoa ili amlishe nini mke?

Sikuzani alimvuta Rukaya akamfuta machozi kwa kanga yake. Halafu akasema, "Kumbe na sisi ni bandari." Tukacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha aibu. Baadaye akaniomba barua yako airudie mwenyewe, akaisoma pole pole akifuata mistari kwa kidole, akaniuliza kama umekonda.

Likabaki la Fatiha. Wazee wa kike waliogopa, walisema iliyokwisha kusomewa haifumuliwi. Tukamfuata mwalimu wa madrasa akiwa anasimamia ukuta wake. Akasikiliza, akasema Fatiha ile ilikuwa dua ya kuomba heri kwenye jambo lenu, haikuwa kamba ya kumfunga aliyekosea hesabu, na kama pande zote mbili zinaridhia bei ya kweli, rudini mkae mridhie. Tukarudi, tukakaa, tukaridhia. Kikundi kitachukua vyombo kwa gharama yake halisi, na faida yako ndogo ndani. Kwa michango ile vitakuwa vichache kuliko tulivyotaka. Vinavyobaki ni vyako, viuze. Siku ya arusi kila mama atakuja na sahani kutoka kabatini kwake kujaliza, hata kama ukingo haufanani.

Na wazee wa Rukaya nimekaa nao pia. Mjomba alileta ubishi kidogo. Nikamwambia mimi nimeanza kwa kuliacha blanketi, na yeye ana kichwa kidogo, kilemba kikubwa kitamfunika macho. Mkaja wa mama umebaki, huo hatukuugusa. Mengine tumeyaacha au tumeyafanya kuwa ya jina tu. Kifungua mlango changu hawakukigusa, walisema hicho ni haki yangu na niliisubiri. Mimi sikusema nakitaka wala sikitaki.

Zawadi, nakushukuru. Ungeniletea vile vyombo kwa bei ile ya uongo tungekula arusi tukicheka, na mjukuu wangu angeingia kwenye nyumba tupu nisijue kwa nini.

Shangazi yako Swaumu

---

Mkuza, Kibaha
30 Mei 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo mara nyingi. Barua yako nilimsomea Ashrafu kwa sauti, nikashindwa katikati, akamalizia yeye.

Mwambie mama Sikuzani sijakonda, nimenenepa, na hiyo ndiyo habari nyingine niliyokuwa naificha. Ninatarajia. Miezi ya mwanzo nilikaa kimya kama ulivyotufundisha, halafu mambo ya bandari yakaingia nikaona nisikuongezee hofu. Daktari kanikataza ile barabara ya vumbi na mashimo, kwa hiyo arusini sitakuja, na hilo ndilo linaloniuma kuliko fremu. Vyombo vinakuja na Abeid, nimevifunga kwa magazeti na kanga zangu za zamani. Kanga msizirudishe, wagawieni waliosema nimeagizika.

Ile ya kulipa gharama halisi nilitaka kuikataa. Ashrafu akaniuliza nakataa kwa ajili ya kina mama au kwa ajili ya kiburi changu. Basi nimekubali. Nimeweka meza kwenye kibaraza cha duka moja pale Maili Moja, mwenye duka ni mama mwema, na sahani zilizobaki zinatoka. Mteja akiuliza mbona ghali, namweleza habari ya sahani moja tangu kiwandani. Wengine wanaondoka. Wengine wananunua na kunipa pole.

Nilipokuwa bandarini nikizungushwa dirisha hadi dirisha, nilikuwa najisemea kwamba nikishindwa hapa nitakuwa nimemuua shangazi kwa aibu mbele ya kijiji. Sikujua kwamba unaweza kuichukua aibu yangu ukaisoma mkekani kwa sauti, na isiue mtu. Asante. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Zawadi

---

Kibuta, Kisarawe
6 Julai 2025

Mwanangu Zawadi, na huyo aliye tumboni,

Salamu zenu wote wawili. Kula ndizi, kunywa maji, usinyanyue makasha ya sahani, Ashrafu ana mikono.

Arusi imepita salama. Watu walikula wakashiba, wakabeba na cha kwenda nacho. Vyombo vyako viliwekwa mbele kwa wageni wa Jabiri, na sahani za makabatini zikaenda nyuma kwetu wenyeji, mimi nikala kwenye sahani ya bati na sikuona pungufu. Sikuzani ndiye aliyesimamia kuosha. Aliwasimamia wale wasichana utadhani wanaosha watoto wachanga, na hakikuvunjika hata kimoja. Dada mmoja wa upande wa mume aliuliza vyombo vimekodiwa wapi. Sikuzani akamjibu, "Havikodiwi. Binti yetu wa Kibaha ndiye aliyevivusha." Nililisikia hilo mwenyewe bila daftari.

Nikwambie la mlangoni, kwa sababu hukuwepo na najua utaliuliza.

Nilikaa kwenye kigoda mbele ya chumba cha bibi arusi, nimefunga kanga mpya, nimejitia uturi. Zawadi, sitakudanganya, ile bahasha ya kifungua mlango nilikuwa naitaka. Miaka yote nimekaa pembeni nikiona wanawake wengine wakifungua milango na kucheka, na nikijisemea zamu yangu itakuja kwa mjukuu. Wakaja na vigelegele, wapambe mbele, Jabiri nyuma yao kavaa kanzu, bahasha kaishika kwa mikono miwili. Nikamwona vidole. Vilikuwa na michubuko ya msasa, kijana kaingia kazi ya kibarua kwa seremala mwingine ili aikomboe randa yake, na alikuwa kazini mpaka asubuhi ya siku ile ile.

Nikainuka nikafungua mlango.

Wapambe wake wakasogea pembeni. Mlango uko wazi na yeye kasimama, haingii, ananinyooshea bahasha. Hajui mtu anaingiaje bila kutoa. Nikamrudishia mkono wake kifuani. Nikamwambia, "Ingia mume wangu, hii kanunulie msumeno. Umeshalipa njiani." Akaniinamia akanibusu mkono, na mimi ambaye nilikuwa nimejiandaa kumtania nikajikuta machozi yananitoka mbele ya watu. Ally anasema watu walipiga vigelegele. Mimi nilisikia mvumo tu, lakini safari hii nilikuwa najua ni wa nini.

Sikuwahi kushika bahasha ile na sijutii. Wamehamia kwenye chumba chao, wana kitanda alichochonga mwenyewe, na randa imesharudi. Jana Rukaya kaniletea mboga ya kisamvu kutoka kwake, nikala chakula cha mke mwenzangu kwa mara ya kwanza.

Kikundi kimekaa jana baada ya Alasiri. Kuna arusi mbili mwezi wa tisa na watu wanataka kukodi vyombo kwetu, lakini hatuna vikombe. Mwanachama mmoja akasema kuna mtu mjini Kisarawe anaagiza kwa bei ya chini. Sikuzani akamuuliza, "Bei ya chini ya wapi, ya kiwandani?" Kisha akanigeukia, akaniambia karibu na sikio, pole pole ili nisikose hata neno moja, kwamba vikombe aagize Zawadi. Hawakupiga kura. Waliitikia tu.

Kwa hiyo mwanangu, ukishajifungua salama ukapata nguvu, tafuta vikombe vyenye ukingo wa kijani. Tuandikie bei ya mwisho, ile ya mlangoni, yote na tozo zake, hata kama itatutisha. Tutachanga mpaka itimie. Hatutamwagiza mtu mwingine.

Nakuombea uzazi mwepesi,
Shangazi Swaumu